Mama Pasi Aweka Chaki

Katika nyumba ya mama mdogo hakuna mtu aliyewahi kukwama. Watu wa nyumba ile waliwekwa snuka. Ufunguo ukivunjikia kitasani, kitasa kimetuweka snuka. Mgeni akipiga hodi wakati umeshavaa viatu vya kutoka, umewekwa snuka, na huna budi kurudi kitini na kuuliza habari za watoto. Paka akijibanza nyuma ya kabati akashindwa kutoka, kajiweka snuka mwenyewe, asimlaumu mtu. Mama mkwe wa mama mdogo, mwanamke mwenye sauti kubwa na miguu mizito, alilipenda neno hilo kuliko wote. "Hebu sogea mwanangu," alikuwa akiniambia nikisimama mbele ya televisheni, "umeniweka snuka."

Neno lilikuja na baba mdogo. Yeye ni seremala, na akishafunga karakana yake hupitia ukumbi wa snuka ulio nyuma ya soko, kule wanakogonga mipira mezani kwa fimbo, akacheza, akafungwa, akarudi nyumbani na maneno mapya. Mengine yalipotea njiani, lakini hili lilikaa. Likavuka ua. Muuza mboga wa mbele ya nyumba, lori likiegeshwa mbele ya meza yake, alilalamika kwamba dereva kamweka snuka na wateja. Nilipokuwa shuleni nililisikia hata kwenye mkutano wa wazazi. Mtaa mzima ulikuwa ukilisema, na nusu ya mtaa haikuwahi kuiona meza ya mchezo wenyewe.

Mama mdogo alikuwa katika nusu hiyo. Alilitumia neno hilo miaka mingi kabla ya kujua kwamba lina kwao.

Yeye ni dobi. Chumba cha mbele cha nyumba yake kina meza ndefu iliyotandikwa blanketi, na ukutani zimening'inia nguo za watu, kila moja na kikaratasi chake. Ana pasi tatu. Nzito ni ya khaki na jinzi, ya kati ni ya mashati, na ndogo, ambayo hamruhusu mtu kuigusa, ni ya hariri. Mtaani wanamwita Mama Pasi, na jina linamfaa, maana hata akisalimiana nawe mkono wake hupita kwanza kwenye kola yako kuinyoosha. Mteja mmoja aliwahi kumuuliza mbona hakandamizi anapofika kwenye hariri. "Khaki naipiga pasi," akamjibu. "Hariri naigusa tu, halafu naomba radhi."

Siku moja mwenye ukumbi wa snuka aliingia dukani, miwani juu ya kipaji cha uso, mikono mitupu.

"Mama Pasi, nina nguo moja inahitaji mkono wako."

"Iko wapi?"

"Haiwezi kuletwa."

"Ni ya mgonjwa?"

"Ni ya meza."

"Kitambaa cha meza kinakunjwa, mzee. Kikunje, kilete."

"Hiki kimepigiliwa."

Mama mdogo akaweka pasi chini akamtazama vizuri, kuona kama amekunywa kitu. Ndipo yule mzee akaeleza. Meza ya snuka imevikwa kitambaa cha sufu, na kitambaa hicho hupigwa brashi na pasi ili mipira ikimbie sawasawa. Aliyekuwa akifanya kazi hiyo alikuwa amehama, na kijana aliyejaribu baada yake aliacha alama ya kuungua, yenye umbo kamili la pasi, karibu kabisa na shimo la kona. Wachezaji walikuwa wameshaipa jina. Waliiita Kiatu.

Akaenda. Akapiga magoti, akapeleka kiganja chake juu ya kitambaa cha kijani, mbele kisha nyuma, akagundua peke yake jambo ambalo wengine huchelewa kulijua: kitambaa kina vinyweleo, na vyote vimelala upande mmoja, kutoka pale mchezo unapoanzia kuelekea mwisho wa meza. Ukikisugua kinyume, vinasimama kama nywele za paka aliyeudhika. Basi akakipiga brashi kwa kufuata ulalo wake, akapitisha pasi yenye uvuguvugu tu, na mchana wachezaji walipofika, mipira ilikimbia kana kwamba imetumwa.

Ilikuwa siku hiyohiyo, akiwa bado anakunja waya wa pasi, alipoona mpira mweupe umesimama nyuma ya mpira wa kahawia, na mchezaji akiinama huku na huku akitafuta njia ya kuufikia mwekundu asiipate. Refa, postamasta mstaafu anayetembea na mikono nyuma kama mkaguzi, akatamka, "Snuka."

Mama mdogo alicheka mpaka akalazimika kukaa. "Kumbe ni hivi," alikuwa akisema. "Kumbe miaka yote ni hivi."

Tangu siku hiyo alitaka kujua zaidi. Kazi ya meza ilikuwa imebaki kuwa yake, na alikuwa akifika ukumbini asubuhi, kabla ya watu, kufagia na kutayarisha meza. Akamwomba mwenye ukumbi ruhusa ya kugonga mipira kidogo kabla ya kuanza kazi. Mzee alikuna kidevu. "Gonga," akasema, "lakini kabla ya pasi. Ukishapiga pasi, hata nzi asitue mpaka wachezaji wafike." Sharti lilimfaa mama mdogo pia, kwa sababu alama zote za mazoezi yake zilifutwa na brashi, na hakuna aliyejua. Alicheza peke yake, akifungana na nafsi yake, akijipongeza na kujizomea. Kisha anaipanga mipira kwenye sanduku, anapiga brashi, anapiga pasi, anafunga mlango.

Mambo yalikwenda hivyo muda mrefu, mpaka habari za safari zilipofika.

Ukumbi ule una timu ya watu wanne. Mwaka huo timu ilialikwa kwenye mashindano ya kumbi katika mji mwingine, ambako wachezaji wake wangevaa vizibao vyeusi vyenye mgongo wa rangi ya zambarau. Kila mara kabla ya mashindano vizibao hivyo vinne vililetwa kwa nani? Kwa Mama Pasi. Nilikuwa dukani siku alipovipiga pasi mwaka uliotangulia. Alivitundika kimojakimoja, akasimama akavitazama.

"Unajua," aliniambia, "nguo zote nilizonyoosha zimekwenda mahali. Harusini, kwenye usaili, uwanja wa ndege. Mimi nabaki na waya wa pasi. Nataka safari moja nijinyooshee mwenyewe."

Nilidhani ni maneno ya uchovu tu. Sikujua alikuwa anapima kizibao kwa macho.

Sasa, katika ukumbi ule anayetaka nafasi kwenye timu haandiki ombi wala hamsihi mtu. Anaweka chaki yake, ile ya bluu ya kupaka ncha ya fimbo, juu ya ukingo wa meza, mbele ya mchezaji ambaye nafasi yake anaitaka. Mchezaji akiichukua, amekubali kucheza mchezo mmoja. Mshindi anabaki na nafasi. Anayeshindwa baada ya kuweka chaki haiweki tena mpaka mashindano yapite.

Mama mdogo aliiweka chaki yake mbele ya kinyozi. Huyu ndiye alikuwa mchezaji wa nne, mtu mtanashati, mwepesi wa maneno, anayenusa mikono yake mara kwa mara kuhakikisha bado inanukia manukato.

"Mama Pasi," kinyozi akasema, akaihamishia dirishani, "umesahau chaki yako."

Kesho yake aliikuta tena palepale. "Mama Pasi, siku hizi umekuwa msahaulifu. Pumzika." Akairudisha dirishani.

Siku ya tatu mama mdogo aliiweka na hakuondoka. Alisimama pale na ndoo yake ya kudekia.

"Umesahau—" kinyozi akaanza.

"Sijasahau. Nimeiweka."

Mtu mmoja aliyekuwa anakunywa soda akasahau kuiteremsha chupa.

"Umeiweka," kinyozi akarudia polepole. "Unajua maana yake?"

"Ndiyo maana nimeiweka mara tatu."

Kinyozi akamgeukia baba mdogo, aliyekuwa kwenye benchi akijifanya anakagua fimbo yake. "Fundi, wewe ulikuwa unajua mambo haya?"

"Mimi?" baba mdogo akasema. "Mimi nilikuwa najiuliza tu kwa nini mashati yangu yanarudi kutoka kwenye pasi na alama za chaki ya bluu."

Watu wakaangua kicheko, na katika kicheko kile kinyozi alikuwa amewekwa snuka kwa namna ya nyumbani kwetu: akikataa, amemwogopa dobi, akikubali, anacheza na dobi. Akaichukua chaki, akaitia mfukoni. "Jumamosi," akasema. "Na usije ukasema sikukuonya."

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Nilikwenda na mama mkwe wake, ambaye alipata kiti cha mbele kwa kumtazama aliyekikalia mpaka akainuka.

"Ipi ni mipira yetu?" akaniuliza.

"Yote ni ya wote, bibi. Unatia mwekundu, halafu wa rangi, halafu mwekundu tena. Kila mmoja una pointi zake, na wa rangi hurudishwa mezani mpaka nyekundu ziishe."

"Sasa utajuaje umemwibia nani?"

Nilikuwa namtazama mama mdogo. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe iliyonyooshwa mpaka inang'aa, mikono ameikunja. Meza alikuwa ameitayarisha mwenyewe asubuhi, maana ilikuwa kazi yake na hakuna mwingine wa kuifanya. Siku hiyo hakufanya mazoezi, alitaka kupumzisha mkono. Muda wote aliutumia kwenye kitambaa. Alipiga brashi, akapiga pasi, akarudia, akapiga tena kama anatayarisha gauni la bibi harusi. Hata Kiatu kilikuwa kimefifia.

Refa akarusha sarafu. Mama mdogo ndiye aliyeanza.

Aliinama, akagonga kwa nguvu aliyoizoea. Mpira mweupe ukaenda, ukaparuza pembeni mwa zile nyekundu kama alivyokusudia, ukapiga ukingo wa mbali, ukarudi. Ulipaswa kusimama upande wa kuanzia. Haukusimama. Uliendelea kurudi, ukapita alipotaka, ukaingia wenyewe kwenye shimo la kona kama mtu anayeingia chumbani kwake.

"Kosa," refa akasema.

"Karibu ukumbini," kinyozi akasema, na watu wakacheka.

Zamu ya pili ilikuwa vilevile. Alitia mwekundu safi kabisa, mama mkwe akapiga makofi, lakini mpira mweupe ukapitiliza, ukaenda kujibandika ukingoni ambako hapakuwa na chochote cha kugonga. Zamu ya tatu akakosa kabisa. Kinyozi hakuwa na haraka. Alitia, akazunguka meza, akatia, akanusa vidole, akatia. Pointi zake zilipanda, na refa akizitaja, sauti yake ilizidi kuwa ya huruma.

Mama mdogo akaifuta fimbo yake. Akaiangalia kama imepinda. Akautazama mkono wake mwenyewe, akaukunja na kuukunjua. Nikamwona baba mdogo anaminya magoti. Mimi nilikuwa nimemaliza kucha zote za mkono mmoja.

Halafu zamu yake ikarudi, akainama, na pua yake ikawa karibu na kitambaa. Akabaki ameinama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

Alikuwa anacheka.

"Unacheka nini?" kinyozi akauliza.

"Najicheka mimi. Nimejiunguzia nguo yangu mwenyewe."

Alitueleza baadaye. Alichokisikia pale ni harufu ya sufu iliyopata joto. Aliijua harufu hiyo kuliko mtu yeyote ukumbini, lakini hakuwahi kuinusa akiwa na fimbo mkononi. Asubuhi zote zile alicheza kabla ya pasi, juu ya kitambaa cha jana, kizito kwa vumbi la chaki na jasho la viganja. Hiyo ndiyo meza aliyoijua. Hii ya mchana, yenye kasi, ambayo wachezaji wote wameizoea, ilikuwa mpya kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyeitengeneza. Tena leo alikuwa ameitengeneza kuliko siku zote.

Aliinuka. Akavuta pumzi. Nikaona vidole vyake vinalegea juu ya fimbo, vikabaki vitatu tu vinavyoishika sawasawa, na nikaujua mkono ule. Niliuona mara nyingi dukani. Ulikuwa mkono wa pasi ndogo.

Akagusa mpira mweupe. Sisemi aligonga. Mweupe ukateleza, ukamsukuma mwekundu shimoni, ukasimama mbele ya mpira wa bluu kama umeitwa. Akautia wa bluu. Akatia mwekundu mwingine. Alipokosa hatimaye, alikosa kwa upana wa kucha, na aliporudi kwenye benchi baba mdogo alimpa kitambaa cha kujifuta uso.

Tangu hapo ukawa mchezo. Kinyozi aliacha kunusa vidole. Yeye akitia, mama mdogo anatia. Mama mkwe alikuwa sasa anajua pointi za kila rangi na anamsahihisha jirani yake. Tatizo lilikuwa lile pengo la mwanzo. Mama mdogo alilipunguza na kulipunguza, lakini mipira nayo ilikuwa inakwisha. Nyekundu zikaisha, zikabaki za rangi, ambazo lazima ziguswe na kutiwa kwa mpangilio wake, mweusi mwisho. Kinyozi akatia wa kahawia, akatia na wa bluu, akajaribu wa waridi ukagoma.

Ikabaki miwili. Wa waridi, ambao ni pointi sita, na mweusi, ambao ni saba.

Refa akakohoa. "Mama Pasi yuko nyuma pointi kumi na tano. Mezani zimebaki kumi na tatu."

Pumzi za watu zikatoka kwa pamoja. Kwa kawaida hapo ndipo mtu hutoa mkono, mchezo ukaishia hapo kwa heshima. Kinyozi akaunyoosha wake, tena kwa uungwana, sikuona dhihaka. "Umecheza, Mama Pasi. Kweli umecheza. Tupeane mikono."

"Mkono wangu una fimbo," mama mdogo akasema.

Mama mkwe akamwinamia baba mdogo, akadhani ananong'ona. "Kwani hesabu imegoma?"

"Imegoma, mama. Hata akiitia yote miwili haitoshi. Labda kinyozi ashindwe kuugusa wa waridi, ndipo mke wangu apewe pointi. Na hawezi kukosa hivihivi, mpaka awekwe snuka."

"Si amweke basi," akasema mama mkwe, na ukumbi mzima ukamsikia. "Kwetu si tunawekana kila siku?"

Kicheko kilipasuka, hata refa akageuka dirishani kuficha meno. Mama mdogo peke yake hakucheka. Alikuwa anaizunguka meza. Mpira wa waridi ulikuwa karibu na shimo la katikati, upande wa kushoto. Mweusi ulikuwa mahali pake, kule mwisho wa meza. Alizunguka tena. Akapaka chaki. Akainama, mkono wa hariri, na akaugusa mweupe taratibu hivi kwamba sikusikia mlio.

Mweupe ukalibusu bega la waridi. Wa waridi ukajongea kidogo ukatulia. Mweupe ukaendelea kwenda mwisho wa meza, ukipunguza mwendo, ukapita ubavuni mwa mweusi, ukapunguza tena, ukazungukia nyuma yake. Nilijikuta nimesimama. Ulikuwa bado unakwenda. Meza ile ingeweza kuubeba mpaka ukingoni na kuurudisha wazi. Ukazunguka mara moja zaidi, kwa uvivu, ukasimama nyuma kabisa ya mpira mweusi, shavu kwa shavu.

Refa akaenda akainama. Akatazama kutoka huku, akatazama kutoka kule.

"Snuka," akasema.

Neno lile nililisikia tangu nikiwa mdogo, jikoni, mlangoni, mbele ya televisheni. Sikuwahi kulisikia namna ile. Vinyweleo vya mikono yangu vilisimama.

Kinyozi aliitazama meza muda mrefu. Kutoka alipo hakuweza kuuona mpira wa waridi hata robo. Njia pekee ilikuwa kupiga ukingo wa kulia na kurudi kuutafuta. Angeweza kupiga kwa nguvu, lakini nguvu ingeweza kuupeleka wa waridi mdomoni mwa shimo na kumwachia mama mdogo mlo uliokwisha kupakuliwa. Akachagua upole. Alilenga vizuri. Mpira ukapiga ukingo pale ulipotakiwa, ukaanza kurudi kuelekea waridi, na watu wakasema "anaupata."

Lakini ulikuwa unarudi kinyume cha ulalo wa kitambaa, na polepole. Mama mdogo alivilaza vinyweleo vile kila asubuhi kwa mkono wake. Aliujua upande ambao mpira mvivu huegemea unapopingana navyo. Mwishoni kabisa mweupe ukapinda kidogo, upana wa kidole, ukapita mbele ya waridi bila kuugusa, ukaenda kusimama upande wa kuanzia.

"Kosa. Pointi sita kwa Mama Pasi."

Sikuweza kusikia kingine kwa sababu ya kelele. Sasa alikuwa nyuma kwa tisa, na mezani kulikuwa na kumi na tatu. Ilibidi atie yote miwili, bila kukosa hata mmoja.

Wa waridi aliugusa kama kawaida yake mpya. Ukaenda, ukafika mdomoni mwa shimo la katikati, ukasita.

"Ingia, mwanangu," mama mkwe akauambia.

Ukaingia.

Mweusi. Mweupe ulikuwa umesimama mbali, na pembe ilikuwa nyembamba. Mama mdogo aliinama kwa mkono wa hariri, akainuka. Akainama tena, akainuka. Akamtazama baba mdogo kule kwenye benchi.

"Hii si hariri," akasema.

"Basi ni nini?" baba mdogo akauliza, sauti ikamtoka kama ya mtoto.

"Hii ni khaki."

Akaishika fimbo kwa kiganja kizima, akaipiga. Mlio ulikuwa kama mlango unaofungwa na upepo. Mweusi ukakata meza, ukazama kwenye kona bila kugusa pembeni. Na mweupe ukaanza kurudi.

Nadhani sote tuliona kwa wakati mmoja. Ulikuwa unarudi na kasi yote ya kitambaa kile, njia ileile ya mpigo wake wa kwanza, ukielekea shimo lilelile la kona lililoumeza mwanzoni. Ukiingia, mweusi hauhesabiwi, na yote yanakwisha. Ulipita katikati ya meza. Ulipita juu ya Kiatu. Mama mdogo alikuwa amenyoosha kiganja hewani, akikishusha taratibu, kama anayemtuliza mtoto aliyeamka. Mpira ukafika shimoni, ukagonga taya moja ya shimo, ukagonga ya pili, ukatetemeka pale mdomoni.

Ukabaki.

Sitaeleza vurugu iliyofuata, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimempanda mtu begani na sijui alikuwa nani. Nakumbuka mama mkwe anamwambia kila mtu kwamba yeye ndiye aliyetoa wazo. Nakumbuka baba mdogo ameketi palepale kwenye benchi, kile kitambaa cha kujifutia kipo usoni kwake na hakitoki.

Kinyozi alingoja watu wapungue. Akamfuata mama mdogo, akatia mkono mfukoni, akatoa ile chaki ya bluu, akamwekea katikati ya kiganja.

"Mama Pasi," akasema, "umesahau chaki yako."

Jumatatu alileta kizibao dukani yeye mwenyewe, kimekunjwa ndani ya gazeti. Kilikuwa kikubwa mabegani. Mama mdogo alikipunguza kwa sindano, akakitandika mezani, akapita juu yake kwa pasi ndogo, ile ya hariri, ingawa kitambaa chake hakikustahili heshima hiyo hata kidogo.

Kabla ya hapo, asubuhi ileile, nilikuwa nimemsindikiza ukumbini. Alipiga brashi. Alipiga pasi. Halafu, badala ya kukunja waya, akafungua sanduku akaanza kuipanga mipira juu ya kitambaa ambacho bado kilikuwa na joto. Mwenye ukumbi akatokea mlangoni, miwani ikamshuka yenyewe kutoka kwenye kipaji hadi puani.

"Mama Pasi! Tulisemaje? Hata nzi!"

"Nzi asitue, mzee," mama mdogo akasema bila kugeuka, akiwa amekwisha kuinama. "Mimi ni mchezaji wa nne. Nikimaliza, nitaipiga pasi tena."

Mzee akautia ufunguo mfukoni. Kisha akavuta kiti, akakaa kutazama.